Ligi Mbili Zamgombania Mtoto Mmoja

Simu inayolia saa nane za usiku aghalabu huwa ni ya msiba. Kwa hiyo ilipolia kwetu majuma mawili yaliyopita, na tulipoona kwamba inatoka Marekani, tulikwisha kuketi kitandani na kutamka yale yatamkwayo katika hali hiyo hata kabla ya kuipokea. Aliyepiga alikuwa binti wa baba yetu mdogo, muuguzi katika mji mmoja wa jimbo la Texas, ambako yeye na mumewe wamekaa kwa miaka kumi na minne sasa. "Hakuna aliyekufa, kaka," akatuwahi. "Nataka shauri lako juu ya mtoto na mpira."

Mtoto mwenyewe ni mpwa wetu, msichana wa miaka kumi na miwili, achezaye pembeni upande wa kushoto, na ambaye kwa maelezo ya mama yake (nasi tunayapokea kwa tahadhari inayostahili maelezo ya mama) ana mbio kuliko wavulana wa mtaa wao. Klabu mbili zinamtaka. Ya kwanza ina timu katika ligi iitwayo ECNL, lakini yeye angewekwa katika kikosi cha pili, ambacho hucheza daraja la chini la ligi hiyo, na uwanja uko mwendo wa saa moja na robo kwa gari. Ya pili imo katika ligi iitwayo Girls Academy, ingemweka katika kikosi cha kwanza, na uwanja wake uko dakika ishirini kutoka nyumbani. Klabu ya kwanza ilikuwa imempa mama saa 48 za kujibu na kulipa malipo ya awali ambayo hayarudishwi, hata mtoto akivunjika mguu kesho yake. Mzazi mwenzake pale uwanjani alikuwa amemwambia kwamba akiikosa ECNL leo, basi chuo kikuu asahau.

"Je, ni kweli, kaka?" akatuuliza.

Hatukuwa na jibu usiku ule. Tulimwomba siku mbili. Tuliyoyapata katika siku hizo mbili tunayaweka hapa mbele ya wasomaji, maana tunajua kwamba nyumba nyingi za mkoa huu zina dada, kaka au mtoto aliyehamia huko, na kwamba swali hili halimhusu mpwa wetu peke yake.

Yapasa kuanzia mwaka 1972. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ijulikanayo kama Title IX, iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Sheria yenyewe haikutaja mpira. Lakini mwaka 1971 wasichana waliokuwa wakicheza kandanda katika shule za sekondari za nchi nzima walikuwa wapatao 700 tu, na ilipofika mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 390,000. Vyuo vikuu, ambavyo vilikuwa vikitumia fedha nyingi kwa ule mpira wao wa kubebwa mikononi unaochezwa na wanaume, vilitafuta mchezo wa wanawake wenye kikosi kikubwa na gharama nafuu ili mizani isogee, na kandanda ikafaa. Michuano ya kwanza ya wanawake ya vyuo chini ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ilichezwa mwaka 1982, ikatwaliwa na chuo cha North Carolina. Miaka tisa baadaye Marekani ikatwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, kisha ikalitwaa tena mwaka 1999, 2015 na 2019.

Kwa njia hiyo chuo kikuu kikawa ndicho mlango. Kwingineko duniani klabu humlea kijana kwa matumaini kwamba siku moja atauzwa na malezi yatalipwa. Huko Marekani klabu za watoto hazikutazamia kumuuza msichana popote, kwa kuwa aliyekuwa akimngoja alikuwa chuo, na chuo hakinunui mchezaji, humlipia karo. Basi klabu ikamgeukia mzazi. Yeye ndiye anayelipa mwalimu wa timu, uwanja, mwamuzi, sare, nauli ya ndege na hoteli. Na mtu anayelipa huhitaji kuonyeshwa anachokilipia. Hapo ndipo neno la ufadhili wa masomo lilipopata nguvu yake, na hapo ndipo nembo iliyoshonwa begani mwa jezi ilipoanza kuwa na thamani kuliko jezi.

Ligi ya ECNL ilianzishwa mwaka 2009 na klabu zenyewe, zikiwa 40. Wakati huo Shirikisho la Mpira wa Miguu la Marekani lilikuwa limekwisha kuwawekea wavulana, tangu mwaka 2007, mfumo wake wa kulea vipaji ulioitwa Development Academy, na wasichana hawakuwa na kitu kama hicho. Klabu hizo zilisema, nasi tunaona zilisema haki, kwamba wasichana bora wa nchi ile kubwa walikuwa wakitawanyika katika mashindano ya majimbo, timu kali ikiifunga dhaifu mabao tisa na kurudi nyumbani bila kujifunza lolote. Zikaamua kukutana zenyewe kwa zenyewe. Walimu wa vyuo wakafurahi, kwa sababu waliweza kwenda mahali pamoja, Florida au Arizona, wakatazama makumi ya timu kwa siku tatu bila kuzunguka nchi. Ligi ikapata sifa, na sifa hiyo ilikuwa ya haki.

Kisha mwaka 2017 Shirikisho likawaanzishia wasichana Development Academy yao. Baadhi ya klabu kubwa zikahama kutoka ECNL, nyingine zikabaki, na nyingine zikaweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Jambo lililozua ugomvi mkubwa kuliko yote halikuwa la ufundi wa mpira. Msimu wa Academy ulikuwa wa miezi kumi, na mchezaji wake hakuruhusiwa kuchezea shule yake ya sekondari wakati ule ule. ECNL iliruhusu.

Ni vigumu kwa msomaji wa huku kuona uzito wa jambo hilo, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo. Timu ya shule huko ni ya bure au karibu ya bure. Hucheza Ijumaa jioni mbele ya walimu, wazazi, ndugu na wanafunzi wenzake wale wale waliokaa naye darasani asubuhi. Msichana ambaye baba yake hana dola za klabu, timu ya shule ndiyo yake; na msichana mwenye klabu, timu ya shule ndiyo mahali pekee anapocheza akiwa anajulikana kwa jina na mtaa wake. Shirikisho lilikuwa na hoja: mafunzo ya shule mara nyingi ni ya kukimbia na kupiga mpira mbele, mechi zimebanana mno, na magoti ya wasichana hayavumilii. Hoja ya magoti si ya kupuuzwa. Wasichana hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na atakayeumia hivyo akiwa na miaka kumi na mitano hupoteza karibu mwaka mzima. Hata hivyo kumwambia mtoto wa miaka kumi na minne achague kati ya wenzake na ndoto yake ni jambo ambalo watu wazima wa Shirikisho wangelitafakari zaidi. Wengi waliambiwa wachague, wakachagua, wakaiacha shule.

Tarehe 15 Aprili 2020, katikati ya maradhi ya korona, Shirikisho likatangaza kwamba linaifunga Development Academy yote, ya wavulana na ya wasichana. Kwa upande wa wasichana mfumo huo ulikuwa haujatimiza miaka mitatu. Aliyeiacha timu ya shule kwa ajili yake hakurudishiwa misimu yake. Hatukuona mahali popote ambapo mtu yeyote aliulizwa juu ya hilo.

Klabu zilizoachwa zikagawanyika tena. Nyingi ziliomba kuingia ECNL, ambayo sasa iliweza kuchagua. Zilizobaki, pamoja na nyingine zilizoona afadhali kuwa za kwanza katika nyumba mpya kuliko za mwisho katika ya zamani, ziliunda Girls Academy mwaka ule ule wa 2020. Tangu hapo ligi hizo mbili zimekuwa zikinyang'anyana klabu kila kiangazi. Kila moja imejenga daraja la pili chini yake, ili klabu iliyo na nembo iweze kuuza nafasi nyingi zaidi chini ya nembo ile ile. Kikosi cha pili alichotengewa mpwa wetu ni cha daraja hilo.

Na sasa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, wazazi wengi huko hawaelezwi waziwazi. Klabu haiingii ligi hizi kwa kushinda. Huku kwetu timu ikiongoza mkoa hupanda, na ikivurunda hushuka, hata kama mwenyekiti wake ni mtu mkubwa. Huko klabu huomba, na wakuu wa ligi hukubali au hukataa. Na mji ukiwa na klabu tatu zenye nembo, ya nne yaweza kufungiwa mlango ingawa inawafunga wote watatu. Kwa hiyo nembo inamwambia mzazi kwamba klabu ilikubaliwa. Haimwambii kwamba mwalimu wa wasichana wa miaka kumi na miwili katika klabu hiyo anajua kazi yake, wala kwamba atakuwapo mwakani. Msichana mmoja anaweza kubaki katika klabu moja, chini ya mwalimu yule yule, na wenzake wale wale, akawa mchezaji wa ligi bora mwaka huu na asiwe mwaka ujao, kwa sababu watu wawili walikutana ofisini na kutia saini.

Hatusemi kwamba ligi hizo hazina tofauti. Kwa jumla ECNL ndiyo yenye klabu nyingi zaidi za nguvu, na walimu wa vyuo wanalijua hilo. Lakini tofauti hiyo ni ya mji kwa mji. Kuna miji ambayo timu kali kuliko zote ni ya Girls Academy. Na kikosi cha pili cha ligi kubwa si ligi kubwa. Mwalimu wa chuo anayesafiri kwenda Arizona huenda kutazama vikosi vya kwanza. Si mjinga wa kusoma bega la jezi na kusahau kutazama miguu.

Tuhesabu sasa, maana ahadi ya chuo ni ahadi ya hesabu. Kati ya wasichana mia wanaocheza kandanda katika sekondari za Marekani, wapatao saba tu ndio hufika kuchezea chuo cha NCAA cha daraja lolote, na wawili au watatu ndio hufika daraja la kwanza. Kwa miaka mingi kila timu ya daraja la kwanza ya wanawake iliruhusiwa ufadhili kamili 14 tu, nao ukikatwa vipande na kugawanywa kwa kikosi cha wachezaji 25 hadi 30, kiasi kwamba anayetajwa mtaani kuwa amepata ufadhili aliweza kuwa amelipiwa robo ya karo, au vitabu. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, wala vyuo vikongwe vya kundi la Ivy League. Mwaka 2025 mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, kikomo hicho cha 14 kiliondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano, kikawekwa kikomo cha kikosi cha wachezaji 28. Anayeweza kulipiwa sasa ni mwingi zaidi, lakini viti ni vichache. Tena tangu mwaka 2018 mchezaji wa chuo anayetaka kuhama huandika jina lake katika daftari la pamoja, na mwalimu mwenye haraka humchukua mtu mzima wa miaka ishirini na mmoja aliyekwisha kucheza, badala ya kumngoja binti wa sekondari akue.

Kuna kanuni moja zaidi ambayo tulipoisoma tulicheka peke yetu. Zamani vyuo vilikuwa vikiwaahidi nafasi wasichana wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne, ahadi za mdomo tu, na fedheha ilipozidi NCAA ikabadilisha utaratibu mwaka 2019. Sasa mwalimu wa chuo haruhusiwi kuzungumza na msichana juu ya kumchukua hadi tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Kwa mpwa wetu hiyo ni karibu miaka minne kutoka leo. Ndiyo kusema yule anayemtaka asiye na haki ya kumwita kwa miaka minne hana haraka, na yule anayemtaka kwa saa 48 ni mwenye risiti.

Gharama nazo. Uchunguzi wa taasisi ya Aspen, ambayo imefuatilia michezo ya watoto huko kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba mwaka 2024 familia ya wastani ilitumia dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ikiwa ni ongezeko la asilimia 46 tangu mwaka 2019. Huo ni wastani wa michezo yote, pamoja na wale wanaocheza mtaani. Katika ligi za juu za kandanda ni maelfu kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mlinda mlango maarufu Hope Solo alisema hadharani mwaka 2018 kwamba kama angekuwa mtoto leo familia yake isingeweza kumlipia. Huyu ni mwanamke mwenye Kombe la Dunia na medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Mtu ajiulize ni wangapi wa namna yake ambao mwaka huu wameketi nje ya uzio.

Lakini tusije tukaeleweka kwamba mlango umefungwa kwa watu wetu. Beki Naomi Girma alizaliwa California na wazazi wahamiaji kutoka Uhabeshi. Alianza kucheza katika mikutano ya kandanda ambayo baba yake alisaidia kuiandaa kwa ajili ya watoto wa jumuiya yao, Wahabeshi kwa Wahabeshi, bila nembo yoyote. Klabu kubwa zilikuja baadaye, kisha chuo cha Stanford, kisha timu ya taifa iliyotwaa dhahabu Paris mwaka 2024, na Januari 2025 klabu ya Chelsea ya Uingereza ikalipa zaidi ya dola milioni moja kumnunua, kiasi ambacho hakijapata kulipwa kabla ya hapo kwa mwanamke yeyote mcheza kandanda. Naye Alex Morgan, ambaye jina lake linajulikana hata kwa wasiotazama mpira, hakujiunga na klabu ya mashindano hadi alipokuwa na miaka kumi na minne. Haya hayathibitishi kwamba kila mtoto atafika huko. Yanathibitisha kwamba mlango wa miaka kumi na miwili si wa mwisho, na anayesema ni wa mwisho ana sababu yake.

Tulimpigia dada yetu siku ya pili, kwa wakati wa kibinadamu. Hatukumwambia achague ipi. Sisi hatujakanyaga nyasi za Texas, na si insafu kumwamulia mtu aliye mbali gharama ambayo hatutailipa. Tulimpa maswali ya kuwauliza wote wawili. Ni nani atakayemfundisha mtoto huyu mwezi wa tisa, jina lake, na amekaa hapo miaka mingapi? Wasichana wa kikosi cha pili mwaka jana, ni wangapi walipandishwa cha kwanza? Mtoto atacheza dakika ngapi? Je, safari za ndege ni za lazima, na anayeshindwa kulipa hufanywaje? Je, ataruhusiwa kuchezea shule? Tulimkumbusha pia kwamba mtoto amezaliwa Oktoba, na kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 mashirika makubwa ya mpira wa watoto huko yanahesabu umri kuanzia tarehe 1 Agosti badala ya 1 Januari, kwa hiyo vikosi vingi vinapangwa upya na mtoto wa Oktoba anajikuta na wadogo zake, tena akiwa mmoja wa wakubwa. Kikosi cha pili cha leo chaweza kisiwe cha pili kwa mpangilio huo. Hilo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

Mwisho tulimwomba ampe mtoto simu. Tulimuuliza, mama, wewe wataka wapi? Akasita, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kama angeweza kusema kweli. Tukamwambia aseme. Akasema hajawahi kuwaona wasichana wa timu yoyote kati ya zile mbili wakifanya mazoezi, na kwamba kila mtu alikuwa amemuuliza juu ya ligi.

Jumanne ile mama yake alimpeleka kwa moja, Alhamisi kwa nyingine, akiwa ametoka kazini usiku kucha bila kulala. Saa 48 zilikuwa zimepita zamani. Siku ya Ijumaa barua nyingine ikaja kutoka klabu ya kwanza: nafasi ya binti bado ipo, na muda wa kujibu umeongezwa hadi mwisho wa mwezi.